Panya namba 168 na panya namba 91

Panya namba 168 alininyima usingizi siku tatu, na mwisho wa yote yeye hakuwa na hatia yoyote. Kila nikikaa kuandika habari za miaka yangu ya kukata mikia ya panya huko Uingereza, nikitafuta jeni zinazoelekeza kwenye saratani, naishia kuandika habari za bustani. Leo mvua imenifungia ndani hapa Muheza na umeme upo, kwa hiyo sina kisingizio.

Nilifika kule Januari 2003 nikiwa na koti la mtumba ambalo Tanga lilikuwa zito kama godoro, na kule likageuka kanga. Mwezi mmoja tu kabla, Desemba 2002, jenomu ya panya, yaani maandishi yake yote ya urithi, ilikuwa imechapishwa: herufi karibu bilioni 2.5 za panya weusi wa ukoo uitwao C57BL/6. Nikajiona kama mtu aliyechelewa harusi, amekuta watu wanafagia. Nikamwuliza Profesa kwa adabu: kama kitabu chote kimeshasomwa, mimi nimeitwa kufanya nini? Akasema, "Una daftari la wakazi wote wa mji. Haya, niambie nani kaiba kuku."

Kabla ya kunipa kazi yangu mwenyewe alinipa zoezi: kutafuta upya jeni (kipande kimoja cha maandishi hayo chenye kazi yake) ambayo mahali pake palijulikana tangu 1993, ili nikipotea ionekane nimepotea. Niliudhika kidogo. Umevuka bahari, umeacha kwenu, unapewa kunakili. Nyumbani nako hawakuelewa vizuri zaidi. Jirani alimwambia mama kwamba nafanya kazi na vipanya, mama akadhani nimekuwa konda.

Zoezi lenyewe lilihusu panya wa Min, kifupi cha Kiingereza cha maneno yenye maana ya vivimbe vingi vya utumbo. Hawa walipatikana Madison, Wisconsin, na habari zao zikachapishwa 1990 na Amy Moser, Henry Pitot na William Dove. Walikuwa wamewapa madume kemikali inayochokoa DNA, wakaangalia uzao. Akatokea jike mwenye upungufu wa damu. Kumbe damu ilikuwa ikivuja tumboni: utumbo wake ulijaa vivimbe, na watoto wake nusu kwa nusu wakarithi. Jeni iliyoharibika ni Apc, kwenye kromosomu ya 18 ya panya (kromosomu ni nyuzi ambazo jeni zimepangwa juu yake). Kwa binadamu jeni hiyo hiyo iko kwenye kromosomu ya 5, na ikiharibika katika familia, watu huota vinyama vingi kwenye utumbo mpana tangu ujanani, na visipoondolewa, saratani hufuata.

Sasa sikiliza sehemu inayonoga. Mweke Min huyu kwenye ukoo wa panya weusi, C57BL/6, na utahesabu vivimbe karibu 29 kwa panya mmoja. Mzalishe na panya weupe wa ukoo wa AKR, na watoto wenye Apc iliyoharibika vile vile watakuwa na vivimbe 6 hivi. Chakula kimoja, maji mamoja, ubovu ule ule. Maana yake panya mweupe ana kitu anachomkinga nacho mwanawe. Kitu hicho kilipotafutwa kikapatikana upande wa mwisho wa kromosomu ya 4, kikaitwa Mom1, kifupi cha maneno yenye maana ya kirekebishi cha Min. Sisi maabara tulikuwa tunaiita Mama.

Kinapatikanaje? Hapo ndipo jeni zinazoandamana zinapoingia, yaani zinazorithiwa pamoja kwa kuwa zimekaa jirani. Chukua ushanga wa kiunoni wenye shanga mia, ukate mahali popote bila kutazama. Shanga mbili zilizokaa bega kwa bega karibu kila mara zitabaki kwenye kipande kimoja. Zilizo mbali zitaachana mara kwa mara. Kromosomu nazo, wakati mbegu au yai linapotengenezwa, hukatika na kubadilishana vipande na mwenzake. Ukihesabu watoto 100 na katika watatu kati yao vitu viwili vimeachana, basi umbali wake ni sentimogani 3. Kipimo hicho alikipa jina Mwingereza J. B. S. Haldane mwaka 1919, kwa heshima ya Morgan, Mmarekani aliyechunguza urithi kwa nzi wa matunda. Kwa panya, sentimogani moja ni wastani wa herufi milioni mbili, kwa hiyo usidhani ukifika hapo umefika mlangoni. Umefika kata.

Kwa hiyo tulizalisha Min mweusi na AKR mweupe, na watoto wao tukawarudisha kwa panya weusi. Wajukuu wote walitoka weusi tititi. Ungewapanga mia mezani usingejua nani kabeba nini kutoka kwa bibi yake mweupe. Kila mjukuu alipokea kromosomu ya 4 moja nyeusi kamili kutoka upande mmoja, na kutoka upande wa pili akapokea ama nyeusi, ama nyeupe, ama iliyoungwa vipande. Tukawa na alama tano kwenye mwisho wa kromosomu hiyo, sehemu za DNA ambazo urefu wake kwa weusi na weupe haulingani. Alama hizo zina majina kama namba za magari: D ya DNA, 4 ya kromosomu, Mit ya chuo zilikotoka, kisha namba yake. Kwenye daftari langu niliandika T kwa tupu, yaani weusi pande zote mbili, na M kwa mchanganyiko. Profesa alikuwa akilifungua daftari anabaki kuguna.

Kazi ya mikono ilikuwa hivi. Panya akifika wiki tatu anatengwa na mama yake, anatobolewa sikio kwa namba, anakatwa ncha ya mkia nusu sentimeta. Matundu ya sikio yana lugha yake: tundu juu, tundu chini, mkato ukingoni, kushoto ni makumi, kulia ni mamoja. Kipande cha mkia kinalala usiku kucha kwenye kimeng'enya kwa nyuzi 55, na asubuhi ukifungua kichupa unakutana na harufu ya supu ya jana iliyosahauliwa. Kisha mashine ya PCR inayozidisha kipande cha DNA, kisha jeli inayotenganisha vipande kwa urefu, kisha taa ya urujuanimno, na kwenye jeli unaona mistari. Mstari mmoja ni T. Miwili ni M. Basi, elimu yote ile, mwisho wake ni kuhesabu moja au mbili.

Kuhesabu vivimbe ndiko kulikokuwa kugumu. Utumbo wa panya ukiutoa na kuunyoosha ni mrefu kuliko unavyodhani, kama mkono wako kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Unaupasua kwa mkasi wenye ncha butu, unautandaza juu ya karatasi ya kunyonya maji kama mtu anayeanika utepe, unaukaza kwa fomalini, halafu rangi ya buluu. Chini ya hadubini ukuta wa utumbo unaonekana kama zulia lenye manyoya mafupi yaliyosimama sawasawa, na kivimbe ni mahali manyoya yamevurugika, kiduara kama punje ya ulezi, kikubwa kama punje ya mtama. Mkono wa kushoto unasogeza, wa kulia unabofya kihesabio. Nilihesabu 31, nikarudia nikapata 29. Tulihesabu wawili wawili bila kujua alama za panya, kwa sababu jicho lina tabia ya kuona linachokitaka.

Na hapa lazima niseme jambo linalosahaulika. Huwezi kuhesabu vivimbe vya panya aliye hai. Anayekupa jibu hawezi tena kukupa watoto.

Sasa niwapeleke pembeni kidogo, kwa sababu kama nisingeenda pembeni siku ile nadhani ningeacha kazi mapema. Nyumba ya panya ilikuwa na mtunzaji, mama mtu mzima, mnene, mwenye mazoea ya kuwasemesha panya wake kama wanywaji wa baa yake. Siku moja alinifungulia kizimba nisichokuwa na kazi nacho. Ndani panya wa rangi ya nyasi kavu, macho mekundu ya waridi. Nilisimama pale, glovu mkononi, sikusema neno. Rangi ile naijua. Ni rangi ya nywele za mdogo wangu wa kiume.

Mdogo wangu ana ualbino. Watu wengi wakisikia panya wenye ualbino wanafikiri wale weupe kama pamba wa maabara, na kweli wale ni albino, lakini kwao imeharibika jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza rangi yenyewe. Panya wa rangi ya nyasi ana jeni nyingine iliyoharibika, inayoitwa kwa herufi moja tu, p. Katika miaka ya 1990 ilionekana kwamba p ya panya ndiyo OCA2 ya binadamu, na OCA2 ndiyo iliyo nyuma ya ualbino wa watu wengi wa kwetu Afrika, Watanzania wakiwamo. Kwa wengi wao kipande kile kile kimekatika, herufi kama 2,700. Ndiyo maana nywele za mdogo wangu si nyeupe, ni za manjano kama makuti ya mwaka jana.

Halafu yule mama akaniambia habari ambayo mimi, msomi, sikuijua. Jeni mbili za kwanza kabisa kuonekana zinaandamana katika mnyama anayenyonyesha ndizo hizo mbili, ya weupe na ya p. Ni mwaka 1915, na aliyeandika ni huyo huyo Haldane, pamoja na dada yake Naomi na rafiki yao A. D. Sprunt. Makala ilitoka haraka haraka kwa sababu ya vita, Haldane akiwa mwanajeshi, Sprunt ameshauawa Ufaransa. Naomi baadaye akawa mwandishi, akaolewa akaitwa Naomi Mitchison, na uzeeni akawa na udugu mkubwa na Wabakgatla wa Botswana. Wakati ule walichokuwa nacho ni panya, rangi na hesabu. Hawakujua hata ni kromosomu gani. Leo tunajua ni ya 7, jeni zote mbili mtaa mmoja. Kwa binadamu mtaa huo ulivunjika zamani sana: moja iko kromosomu ya 11, nyingine ya 15.

Mitaa mingine haikuvunjika. Karibu kila jeni iliyo kwenye kromosomu yetu ya 17 ina mwenzake kwenye kromosomu ya 11 ya panya, pamoja na BRCA1 ya saratani ya matiti na p53, ile inayozuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika. Ndiyo maana ramani ya panya ilitusaidia sisi. Ukijua jirani zake upande wa panya, unaanza kujua mlango wa kugonga upande wa mtu.

Nilimpigia mdogo wangu simu jioni ile kwa kadi ya kukwangua. Nikamweleza. Kimya kidogo, kisha akauliza, "Dada, hao ndugu zangu wanapakwa mafuta?" Nikamwambia hawahitaji, hawajawahi kuona jua. "Basi wana bahati," akasema, "mimi juzi daktari kanikata tena kidonda shingoni." Sikuandika hilo kwenye daftari lolote. Siku hizi anapata Kilisun, ile losheni ya kuzuia jua inayotengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC, na kofia yake pana haivuliwi hata kwenye picha za harusi. Jeni ya ngozi yake haisababishi saratani. Inaondoa mwavuli tu, jua linafanya mengine. Nilipokuwa nikisoma maneno "jeni za kuelekea kupata saratani" kwenye vitabu, nilikuwa nikiona vitu vikali kama Apc. Tangu siku ile naona pia kofia.

Turudi kwa 168. Alama zake tano zilisomeka M, M, T, M, M. Alikuwa ameshakufa na kuhesabiwa: vivimbe 27. Fikiria nilivyofikiri mimi. Panya huyu amebeba kipande cha bibi mweupe pande zote isipokuwa katikati, na hana kinga. Basi kinga iko pale katikati, kwenye alama ya tatu kabisa! Panya mmoja amenipa kile ambacho mia hawakunipa. Nilichora ramani kwa kalamu za rangi. Nilichora tena. Usiku nikawa naona M M T M M kwenye dari. Nilianza hata kufikiri zoezi limegeuka ugunduzi, na jinsi nitakavyojifanya mnyenyekevu siku ya kulieleza.

Profesa aliitazama ramani muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Akauliza, "Mikato miwili, katika sentimogani 12?" Hapo tu. Nilijua jibu kabla hajaondoka. Kromosomu ikikatika mahali pamoja, karibu na hapo haikatiki tena kirahisi, kwa panya hasa. Mikato miwili kuzunguka alama moja, katika nafasi finyu kama ile, dalili yake ya kwanza ni kwamba msomaji amekosea kusoma. Nikatoa kichupa cha 168 kwenye friza, nikarudia alama ya tatu mara tatu. Mistari miwili. Mistari miwili. Mistari miwili. Jeli ya kwanza ilikuwa imepinda ukingoni na mstari wa AKR ulikuwa umefifia, nami nilisoma moja. 168 alikuwa M mwanzo hadi mwisho. Na vile vivimbe 27? Mama, yaani Mom1, si kila kitu. Zipo jeni nyingine, na ipo bahati, na 168 hakuwa nayo.

Aibu ilinifanya nirudie daftari lote, mstari kwa mstari, na ndipo nikakutana na 91. T, T, M, M, M. Mkato mmoja safi, wa kawaida kabisa. Nilikuwa nimempiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: kosa la sikio. Sikio lake lilikuwa limechanika, tundu limegeuka mkato, namba haisomeki, nikaamua mkia ule ulichanganywa. Ukweli ni kwamba 91, mwenye mkato mmoja wa kawaida na bado hajahesabiwa vivimbe, hakuwa na la kuongeza kwenye picha yangu nzuri ya 168. Kwa aliyenipendeza sikuuliza swali hata moja. Aliyenikera nilimfuta kwa kisingizio cha sikio.

Nikaenda kwa yule mama wa panya nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakuangalia rekodi. "Yule dume wa rafu ya tatu? Kaka zake walimtafuna sikio, nikamhamisha peke yake. Yuko hai, anakula kuliko wote." Tukamkata ncha ya mkia upya mbele ya macho yangu, sikuruhusu kichupa kitoke mkononi. T, T, M, M, M.

Kwa kuwa alikuwa hai, na dume mwenye Min anaweza kuzaa kabla tumbo halijamzidi, tukampa majike weusi. Watoto wake nusu wangepokea ile kromosomu iliyoungwa, nusu wangepokea nyeusi kamili. Kama kinga ya Mama iko upande wa alama mbili za mwanzo, watoto wote wangekuwa sawa kwa vivimbe, maana upande huo baba yao hana cha bibi. Kama iko upande wa pili, waliopokea kipande wangekuwa na nafuu. Miezi minne tukisubiri. Waliopokea kipande walikuwa na vivimbe karibu nusu ya wenzao. Alama mbili zikaanguka kwenye ramani, mahali pa kutafuta pakapungua, na palipobaki ndipo palipokuwa pameandikwa tangu 1993.

Wenye haraka mtauliza jeni yenyewe ni ipi. Mwaka 1995 ilielekezewa kidole Pla2g2a: panya weusi wana herufi moja iliyojipenyeza ndani yake na kuivuruga yote, AKR wanayo nzima. Mwaka 1997 panya weusi walipowekewa nakala nzima, vivimbe vilipungua. Baadaye ikaonekana kuna kitu kingine tena, mbele zaidi kuelekea ncha ya kromosomu, ambacho nacho kina mkono. Kwa hiyo mwizi wa kuku hakuwa peke yake. Mimi zoezi langu liliishia kwenye kata, milango waligonga wengine.

Picha ya yule panya wa rangi ya nyasi nilirudi nayo. Mdogo wangu ameibandika dukani kwake, juu ya friji ya soda, na mteja akiuliza anajibu kwamba ni mjomba wa upande wa Uingereza. Daftari ninalo mimi. Mstari mwekundu juu ya 91 haukufutika, wino ule ulikuwa mzuri. Pembeni yake nimeandika kwa penseli: watoto 41, wenye Min 22.